Nani Atamsemea Mshtakiwa wa Wizi wa Mabavu?

Wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Makala haya yanamhusu mtu aliyekuwapo, tena mbele ya watu wote, kizimbani, na lake lisiwepo vilevile.

Mnamo mwaka wa 2014, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nilitumwa na mhadhiri wangu wa somo la tafsiri na ukalimani nikae katika mahakama moja ya hakimu, nje ya Nairobi, nisikilize jinsi makarani wanavyofasiri ushahidi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kuorodhesha makosa ya kisarufi na ya kimsamiati, kisha kuyaeleza kwa nadharia niliyoipenda. Nilibeba daftari, nikaketi kwenye benchi la nyuma pamoja na akina mama waliokuja kuwaona wana wao. Kesi ya tatu asubuhi hiyo ilikuwa ya wizi wa mabavu. Washtakiwa walikuwa wawili. Mmoja wao, kijana wa rika langu, alikuwa amekaa rumande mwaka mmoja na ushei. Hakuwa na wakili.

Mlalamishi alimaliza kutoa ushahidi wake. Hakimu akainua macho, akamwambia kijana kuwa sasa ni zamu yake kumhoji shahidi.

"Huyu anasema uongo," kijana akajibu.

"Hilo si swali. Uliza swali."

Kijana akatazama dari, akatazama viatu vyake. "Mheshimiwa, mimi sikuwa huko."

"Utayasema hayo wakati wako wa kujitetea ukifika. Una swali kwa shahidi?"

"Sina swali."

Siku hiyo walisikilizwa mashahidi watatu, na mara zote tatu kijana alisema hayo hayo: sina swali. Wakati wa mapumziko nilizungumza na mamake pale nje. Akaniambia kuwa mwanawe alikuwa amemlalamikia kwa miezi kadhaa kuhusu jambo moja: katika taarifa aliyoandikisha kwa polisi, mlalamishi alisema aliwaona watu watatu, mahakamani alisema wawili. Naam, swali alikuwa nalo. Alilolikosa ni umbo la kulitolea.

Ndugu msomaji, mimi na wewe tumefundishwa aina za sentensi tangu shule ya msingi. Tunajua sentensi ya taarifa, tunajua sentensi ya swali, na tumewahi kuwasahihisha wanafunzi wetu kwa wino mwekundu pale walipozichanganya. Sikuwahi kudhani kuwa tofauti baina ya aina hizo mbili yaweza kuwa tofauti baina ya mtu kurudi kwao na mtu kuhukumiwa kifo. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza maswali ambayo daftari langu la makosa ya kisarufi halikuwa na nafasi ya kuyaweka, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya katika jarida la wapenzi wa Kiswahili badala ya kuwaachia wanasheria.

Tuanze na sheria yenyewe. Kanuni za Adhabu za Kenya, Sura ya 63, zinaeleza katika kifungu cha 295 kuwa unyang'anyi ni wizi unaoambatana na matumizi ya nguvu, au tishio la nguvu, wakati wa kuiba, kabla tu ya kuiba au mara baada ya kuiba. Adhabu yake, kwa mujibu wa kifungu cha 296(1), ni kifungo cha hadi miaka 14. Kisha kinafuata kijifungu cha pili, nacho ndicho kiini cha mjadala huu. Kinasema kuwa iwapo mkosaji alikuwa na silaha au chombo cha hatari, au alikuwa pamoja na mtu mwingine mmoja au zaidi, au alimjeruhi, alimpiga au kumtendea mtu yeyote kwa nguvu, basi atahukumiwa kifo. Hata jaribio la kutenda hayo lina adhabu hiyo hiyo chini ya kifungu cha 297(2).

Lipi neno zito zaidi katika kijifungu hicho? Wengi watasema ni "silaha", na wengine "kifo". Mimi nasema ni kiunganishi "au". Laiti ingekuwa "na", upande wa mashtaka ungelazimika kuthibitisha masharti yote matatu. Mahakama ya Rufaa ilikwisha kulieleza jambo hili kinagaubaga katika hukumu yake ya mwaka 1996 ambayo hadi leo hutajwa katika kesi za aina hii: sharti moja likithibitishwa, yatosha. Kwa hivyo vijana wawili, mikono mitupu, wakimsukuma mama njiani na kumpokonya mkoba wenye kitana na shilingi hamsini, wamekwisha kuingia katika kijifungu cha kifo kwa kuwa walikuwa wawili. Hakuna aliyeumia. Hakukuwa na hata kijiti. Kiunganishi kimefanya kazi yake.

Isitoshe, hata majaji wenyewe wameona kuwa lugha ya vifungu hivi ina walakini. Mwaka wa 2016 jopo la majaji watatu wa Mahakama Kuu lilisema kuwa vifungu vya 295 hadi 297 havikutenganisha unyang'anyi wa kawaida na unyang'anyi wa mabavu kwa uwazi wa kutosha, kiasi kwamba mshtakiwa hawezi kujua vyema ni shtaka lipi hasa analolijibu. Na kweli, ukitazama vizuri: ikiwa unyang'anyi ni wizi wa kutumia nguvu, basi "unyang'anyi wa kutumia nguvu" ni nini kama si maji yaliyolowa? Sisi Wakenya tumelikwepa tatizo hilo kwa kubuni istilahi "wizi wa mabavu", ambayo magazeti na redio zimeieneza mpaka imekuwa ya kila mtu. Ni istilahi tamu mdomoni, lakini inauchukua unyang'anyi na kuurudisha kwenye wizi, kisha inaupachika mabavu, na kwa kufanya hivyo inafuta hatua nzima ya kati, ile ya kifungo cha miaka 14. Mshtakiwa anayeshauriwa na mahabusu wenzake kule rumande hajui kwamba kuna hatua hiyo ya kati na kwamba wakili angeweza kuipigania. Wenzetu wa Tanzania, ambako kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu unyang'anyi wa kutumia silaha kwa kifungo kisichopungua miaka 30, wameling'ang'ania neno "unyang'anyi", nami naona wametuzidi hapo.

Ajabu ni kwamba Kiswahili chenyewe ni tajiri mno katika uwanja huu. Kuna kuiba, kudokoa, kuchopoa, kukwapua, kupokonya, kupora, kunyang'anya. Aliyechopoa pochi mfukoni pasipo mwenyewe kujua na aliyekwapua simu dirishani mwa matatu akatimua mbio si sawa na aliyemwekea mtu kisu shingoni. Raia anayetoa ushahidi kwa Kiswahili huyatumia maneno haya kwa ustadi wa kuzaliwa nao. Tena ana mengine ya mtaani: atasema alipigwa ngeta, na kila Mkenya atajua kuwa alikabwa shingo kutoka nyuma. Lakini kumbukumbu za hakimu huandikwa kwa Kiingereza, na njiani maneno yote haya huminywa yakawa mawili matatu. Nimesikia "alinikwapua simu" ikifasiriwa kuwa aliniibia kwa nguvu. Karani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na mafaili arobaini mezani na hakuna aliyewahi kumfundisha ukalimani.

Mfano mwingine, ambao nadhani unastahili tasnifu nzima, ni wa kitenzi "kutambua". Sheria ya ushahidi hutofautisha baina ya shahidi aliyemwona mtu asiyemjua kisha akaja kumtofautisha na wengine, na shahidi aliyemwona mtu anayemjua siku zote, jirani au mteja wake. Mahakama za Kenya hulichukulia la pili kuwa na uzito zaidi. Katika Kiswahili mashahidi wote wawili watasema "nilimtambua", na pengine "nilimjua". Karani anachagua neno moja la Kiingereza, hakimu analiandika, na uzito wa ushahidi unaamuliwa hapo hapo, kwa nukta ya sekunde, na mtu ambaye hata hajui kuwa ameamua jambo. Wakili angesimama akamwuliza shahidi: ulimjua kabla ya usiku ule? Ulimjua wapi? Jina lake ni nani? Je, ulilitaja jina hilo kituoni siku ya kwanza? Kijana wangu wa kizimbani alisema hana swali.

Wako watakaosema kuwa mtu asiye na hatia hahitaji wakili, kwani ukweli hujitetea. Hoja hii huvutia kanisani na msikitini. Mahakamani haina mashiko. Kesi nyingi za wizi wa mabavu husimama juu ya nguzo mbili: utambuzi wa mshukiwa, na mali iliyopatikana mikononi mwake. Nguzo ya kwanza ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Uporaji mwingi hutokea usiku, kwa dakika chache, na mwathiriwa amejaa hofu. Tangu miaka ya 1950, mahakama za rufaa za Afrika Mashariki zimekuwa zikiwaonya mahakimu kuhusu ushahidi wa shahidi mmoja aliyeona katika hali ngumu. Na mwaka wa 1986 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisisitiza kuwa haitoshi kusema palikuwa na mwangaza. Lazima iulizwe: mwangaza wa nini? Ulikuwa na nguvu kiasi gani? Ulikuwa upande gani wa mshukiwa? Nani atauliza? Kiongozi wa mashtaka hana haja ya kulibomoa jengo lake mwenyewe. Hakimu aweza kuuliza, na wengine huuliza, lakini si kazi yake kuwa wakili wa mtu.

Kuna pia gwaride la utambulisho. Kanuni za polisi zinataka mshukiwa apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na sura ya jumla. Achague mwenyewe mahali pa kusimama. Shahidi asiwe amemwona kabla. Na mshukiwa aambiwe kuwa anaweza kuwa na wakili au rafiki yake pale. Kanuni nzuri mno. Lakini mtu aliyekamatwa juzi, mwenye simu iliyochukuliwa na polisi, atamwita rafiki kwa njia gani? Na hata kama gwaride liliendeshwa ovyo, kasoro hiyo itasalia siri ya kituo iwapo hakuna wa kuomba fomu ya gwaride na kumbana afisa kwa maswali.

Nguzo ya pili ni mali. Kuna kanuni kuwa mtu akikutwa na mali iliyoibwa hivi karibuni, mahakama yaweza kuhitimisha kuwa yeye ndiye mwizi, isipokuwa atoe maelezo yanayoaminika. Lakini upande wa mashtaka lazima kwanza uthibitishe kuwa mali ilikutwa kwake kweli, kuwa ni ya mlalamishi, na kuwa iliibwa kwa mlalamishi hivi karibuni. Hivi karibuni ni lini? Kwa simu, ambayo katika miji yetu hubadilisha mikono mara tatu kabla ya jua kutua, siku mbili zaweza kuwa nyingi. Kwa gari, pengine mwezi ni mfupi. Basi mwanafunzi yeyote wa chuo hiki aliyewahi kununua simu ya mkono wa pili barabarani, bila risiti, kwa bei ya kutupa, na ajiulize angeeleza nini kizimbani. Nauliza hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliandika sehemu ya tasnifu yangu kwa kipakatalishi nilichonunua kwa njia hiyo.

Nilirudi tarehe ya utetezi. Hakimu alikuwa ameamua kuwa washtakiwa wana kesi ya kujibu. Kwa mujibu wa kifungu cha 211 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, mshtakiwa huelezwa njia zilizo mbele yake: kujitetea kwa kiapo, ambapo atahojiwa na upande wa mashtaka, kujitetea bila kiapo, ambapo hahojiwi lakini maneno yake huwa na uzito mdogo, au kunyamaza. Ana haki pia ya kuita mashahidi. Uamuzi huu hufikiriwa na mawakili kwa siku kadhaa. Kijana alielezwa kwa sentensi mbili, akasema, "Bila kiapo," nadhani kwa sababu ndiyo aliyoisikia mwisho. Kisha akasimulia. Kati ya yote aliyoyasema nakumbuka sentensi moja ambayo niliiandika neno kwa neno: "Nilikuwa nao pale kibandani tukanywa chai, halafu nikaenda zangu."

Karani alifasiri. Kwa Kiingereza ikawa kwamba alikuwa katika kundi lao, wakanywa chai, kisha akaondoka. Hebu tulitazame jambo hili kama wanafunzi wa lugha. "Nilikuwa nao" imegeuka "nilikuwa katika kundi lao", na kuwa katika kundi ni mojawapo ya yale masharti matatu ya kifo. "Nikaenda zangu" imepoteza "zangu". Kwa Mswahili, "zangu" hiyo ndiyo utetezi mzima: njia yangu, mbali na yao, wao wakabaki na yao. Sina hakika kama Kiingereza kina kijineno cha kuibebea maana hiyo. Lakini mkalimani aliyefunzwa angetafuta, na wakili angesimama kupinga. Katika daftari langu la makosa ya kisarufi sikuandika kitu, maana sarufi ya karani ilikuwa safi.

Je, Katiba inasemaje? Ibara ya 50(2) ya Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mshtakiwa haki ya kuchagua wakili, na katika aya ya (h), haki ya kupewa wakili na Serikali kwa gharama yake iwapo kukosa wakili kungeleta dhuluma kubwa. Imempa pia haki ya kuujua ushahidi mapema, na ya kuwa na mkalimani bila malipo. Mwaka wa 2011 Mahakama ya Rufaa, katika rufaa ya mtu aliyepatikana na hatia ya wizi wa mabavu, ilitamka kuwa wanaokabiliwa na mashtaka ambayo adhabu yake ni kupoteza uhai wana haki ya wakili wa Serikali. Wengi tulishangilia. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu ikatia breki: haki hiyo si ya moja kwa moja, lazima mahakama ipime uzito wa shtaka, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa kulipa, elimu yake na ugumu wa kesi. Nakubali kuwa vipimo hivyo ni vya busara. Lakini ukivipima kwa kijana wa kibanda cha chai, ni kipi asichokitimiza?

Kuna kinaya kimoja ambacho hakijapata kunielea. Anayeshtakiwa kwa mauaji husomewa mashtaka katika Mahakama Kuu, na kwa desturi ya miaka mingi, akikosa uwezo, hupewa wakili anayelipwa na Serikali. Anayeshtakiwa kwa wizi wa mabavu hushtakiwa katika mahakama ya hakimu, na desturi hiyo haikumfikia. Kitanzi ni kimoja, kamba ni moja. Tofauti ni mlango wa mahakama. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ilikusudiwa kuziba pengo hili, na kifungu chake cha 43 kinamtaka hakimu amweleze mshtakiwa asiye na wakili haki yake mapema. Kumweleza mtu kuwa ana haki ya chakula hakumshibishi, hasa pale ambapo mawakili wengi wako Nairobi na Mombasa na kesi iko mji wa mbali.

Kuhusu adhabu yenyewe, msomaji aweza kusema kuwa tunatishana bure, kwani Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka wa 1987. Ni kweli. Mwaka wa 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia hukumu ya kifo wafungwa zaidi ya 4,000 ikawa kifungo cha maisha. Mwaka wa 2016 Rais Kenyatta akawabadilishia 2,747. Na mwaka wa 2023 Rais Ruto akafanya vivyo hivyo kwa waliohukumiwa kabla ya Novemba 2022. Huruma hizo ni njema, ila kifungo cha maisha si kwenda likizo. Aidha, uamuzi maarufu wa Muruatetu wa Desemba 2017, ulioondoa ulazima wa hukumu ya kifo, ulidhaniwa na wengi kuwa umewafikia wa wizi wa mabavu pia, na baadhi yao wakapunguziwa vifungo. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kuwa uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake, na kwamba makosa mengine yapelekewe kesi zake kuanzia Mahakama Kuu. Kwa hiyo aliyeua akapata nafasi ya kueleza hali yake mbele ya jaji kabla ya adhabu kutolewa. Aliyepora simu na mwenzake akabaki na maandishi ya kifungu kama yalivyo.

Nimeulizwa na rafiki yangu mmoja, baada ya kumsomea rasimu ya makala haya: na aliyeporwa je? Swali lake ni la haki, na sitaki kulikwepa. Binamu yangu alipigwa ngeta akitoka kazini usiku, akapoteza meno mawili, simu na imani yake kwa vijana wa mtaa. Kwa miezi mingi hakutoka nje baada ya saa kumi na mbili jioni. Nilitamani waliomfanyia vile wafungwe, na bado natamani. Lakini watu wawili walikamatwa, wakafungwa bila wakili, wakakata rufaa, na baada ya miaka kadhaa rufaa ikafaulu kwa sababu utambuzi ulikuwa hafifu mno. Kama walikuwa ndio, wameachiliwa; kama hawakuwa ndio, waliomkaba wako huru tangu siku ya kwanza. Binamu yangu hakupata chochote katika hali zote mbili. Wakili wa utetezi angeuonyesha ule udhaifu mwezi wa kwanza, na pengine polisi wangerudi mtaani kutafuta. Utetezi thabiti humsaidia mlalamishi pia, ingawa si rahisi kumwambia hivyo mtu ambaye mdomo wake bado umevimba.

Sasa nigeukie upande wetu, maana ni rahisi kuinyoshea Serikali kidole. Sheria ya Kenya inakiruhusu Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za mahakimu sambamba na Kiingereza. Wala haikuanza jana. Katiba imekipandisha kuwa lugha rasmi. Tanzania, kwa marekebisho ya mwaka 2021, imekifanya lugha ya sheria na ya mahakama zake. Nasi idara zetu zinatoa mahafali wa Kiswahili kila mwaka, wengi wao wakisubiri kuajiriwa kufundisha, ilhali katika jengo la mahakama lililo hatua chache kutoka lango la chuo, maneno ya mtu anayekabiliwa na kifo yanafasiriwa na karani asiyewahi kuhudhuria hata semina ya siku moja ya ukalimani. Tunaandika tasnifu juu ya matumizi ya taswira katika ushairi, na mimi sibezi ushairi. Lakini ni wangapi wameandika juu ya hati ya mashtaka? Ni nani ametunga faharasa ya maneno hamsini tu ambayo karani angeibandika mezani: unyang'anyi, wizi kutoka mwilini, kupokea mali ya wizi, kutambua kwa maana zake mbili, kesi ya kujibu, kiapo, malalamiko ya kwanza?

Ningependa chama chetu kianze na jambo dogo. Kituo cha Sheria, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1973, limekuwa likiwafunza wafungwa na mahabusu wenyewe kuwa wasaidizi wa kisheria, wakiwaandikia wenzao hoja za rufaa. Hoja hizo huandikwa kwa Kiingereza cha kuokotezwa, zote zikianza kwa maneno yale yale kuwa hakimu msomi alikosea kisheria na kiukweli, kwa sababu waandishi wanaamini kuwa Mahakama Kuu haisikii lugha nyingine. Tungeweza kuandaa, kwa kushirikiana na wenzetu wa kitivo cha sheria, kijitabu cha Kiswahili chepesi cha kurasa kumi na mbili, kinachomweleza mshtakiwa maana ya shtaka lake, jinsi ya kuomba taarifa za mashahidi, jinsi ya kugeuza "anasema uongo" kuwa swali, na maana ya kuapa na kutoapa. Hakitachukua nafasi ya wakili. Naomba nisieleweke kuwa nasema hivyo. Mtu anayekabiliwa na kifungu cha 296(2) anastahili wakili kabla hajajibu shtaka, na Serikali ndiyo yenye wajibu wa kumlipa. Lakini hadi siku hiyo itakapofika Garissa na Kapenguria, kuna watu wanaosimama kizimbani wiki hii.

Hukumu ya yule kijana ilisomwa mwezi wa tano baada ya utetezi. Ilisomwa kwa Kiingereza kwa takriban dakika ishirini, na karani akaifupisha kwa pumzi moja: amepatikana na hatia, amehukumiwa kifo, ana siku kumi na nne za kukata rufaa. Hakimu akauliza kama ameelewa. Kijana akanyamaza kidogo, akainua mkono kama mwanafunzi darasani.

"Mheshimiwa, hizo siku nianze kuhesabu leo ama kesho?"